Baba Yumo kwenye Nywele

Mara ya kwanza tunapomwona Naruto, ananing'inia kwenye jabali na rangi mkononi. Jabali lenyewe limechongwa nyuso za viongozi wanne wa kijiji cha Konoha, kuanzia Hokage wa kwanza hadi wa nne, na mtoto huyu mtukutu ameshazichafua zote. Wakubwa wanafoka, mwalimu wake anamkamata, msomaji anacheka na kufunua ukurasa. Huo ulikuwa mwaka 1999, katika jarida la Kijapani liitwalo Weekly Shonen Jump. Mchoraji, Masashi Kishimoto, alikaa karibu miaka minane kabla ya kukiri kwenye karatasi kwamba uso wa nne ulikuwa wa baba mzazi wa mtoto huyo. Kumbe alikuwa anampaka baba yake rangi.

Wasomaji hawakusubiri miaka minane. Wengi walimtaja baba mapema kabisa, wakabishana, wakachora miti ya ukoo, wakakataliwa na wenzao, wakarudi na ushahidi mwingine. Jibu lilipotoka mwaka 2007, katika mazungumzo ya watu wawili waliomfahamu marehemu, kwa wengi lilikuwa kama hukumu inayosomwa baada ya mtaa mzima kujua nani ameshinda kesi.

Nataka kuiangalia kesi hiyo kwa karibu, kwa sababu watu hudhani kubashiri wazazi wa mhusika wa katuni ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Ni kazi, tena yenye kanuni.

Tuanze na wino. Manga, yaani katuni za Kijapani, huchapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya bei nafuu. Nywele nyeusi hujazwa wino. Nywele za rangi ya dhahabu huachwa wazi, zikaonekana nyeupe. Kwa mchoraji anayetakiwa kutoa kurasa kumi na kitu kila wiki, nywele ndizo kitambulisho cha mhusika. Ukimnyoa mhusika wa manga, nusu ya wasomaji hawatamtambua. Sasa Hokage wa nne, kila alipopita kwenye kumbukumbu za wazee, alikuwa na nywele zilizosimama kama miiba na zisizo na wino. Naruto vilevile. Wapo wengine Konoha wenye nywele zisizo na wino, na mashabiki waliwapitia mmoja baada ya mwingine: huyu zake zimelala, yule ni za mvi, yule ana ukoo wake unaojulikana. Mwisho walibaki wawili, mmoja marehemu na mwingine yatima.

Kisha zikaja tarehe. Siku Naruto alipozaliwa ndiyo siku mbweha mwenye mikia tisa alipokishambulia kijiji, na ndiyo siku Hokage wa nne alipokufa akimfungia mnyama huyo ndani ya tumbo la mtoto mchanga. Swali la wasomaji lilikuwa la kawaida kabisa: kati ya watoto wote wa kijiji, kwa nini huyu? Kiongozi mwenye akili timamu anachukua mtoto wa nani usiku ule na kumtwisha mzigo wa namna hiyo? Mtoto wa jirani? Walioelewa uongozi ni kitu gani walijibu kwamba hangeweza kumtoa mtoto wa mwenzake. Angetoa wa kwake.

Ikafuata fani. Hokage wa nne alibuni pigo liitwalo Rasengan. Mwalimu wake, Jiraiya, ndiye baadaye aliyemfundisha Naruto pigo hilohilo, naye akalishika kwa muda mfupi ajabu. Katika hadithi nyingine ningesema ni sadfa. Katika hadithi inayotoka kila wiki, mwalimu wa baba hatumwi kwa mtoto bure.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja, tena nzito. Jina halikulingana, maana mtoto aliitwa Uzumaki. Zaidi ya hapo, kama baba yake ndiye shujaa aliyekiokoa kijiji, inakuwaje mtoto anaishi peke yake kwenye chumba kichafu, anakula tambi za kibandani, na wanakijiji wanamwona kama laana? Maelezo yaliyokuja baadaye, kwamba alifichwa ili maadui wa baba yake wasimtafute, yanatosha kwa shida. Mimi naona hapo Kishimoto alibanwa. Alihitaji yatima anayesikitisha na alihitaji mwana wa mfalme, akavitaka vyote kwa mtoto mmoja. Waliokataa hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaisoma hadithi kwa makini kuliko ilivyoandikwa.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, inaitajia mahakama mambo ya kuangalia pale panapobishaniwa mzazi wa mtoto ni nani. Yumo mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la vizazi. Yumo baba aliyemfanyia mtoto mila ya kwao. Yumo aliyekiri mbele za watu kwamba mtoto ni wake. Halafu kuna majibu ya vinasaba. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nilimfikiria Naruto, na sioni aibu kusema hivyo. Daftari la Konoha halikuwa na jina la baba. Kukiri hadharani hakukuwepo, maana baba alikufa usiku uleule na aliyebaki madarakani, Hokage wa tatu, alipiga marufuku watu kulizungumza jambo la mbweha. Mila ilikuwepo, ila ya kutisha: kumtia mtoto mnyama tumboni. Vinasaba vilikuwa nywele. Mashabiki walishinda kesi yao kwa ushahidi wa aina mbili kati ya hizo nne nilizozitaja, na kwa mahakama yoyote ninayoijua hiyo si kesi mbaya.

Nje ya manga, katika mkoa wa Mbeya, jambo hilo la daftari si la kinadharia. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulizinduliwa mkoani humo mwaka 2013, kabla ya kupelekwa mikoa mingine. Kabla ya hapo, kuwa na mtoto asiye na karatasi lilikuwa jambo la kawaida kijijini, na ushahidi wa baba ulikuwa mdomoni mwa shangazi na kwenye paji la uso la mtoto. "Huyu pua hii ya nani, kama si ya fulani?" Hivyo ndivyo kesi ilivyosikilizwa, uwanjani, mtoto akiwa amebebwa mgongoni.

Katika wilaya ya Chunya, mkoani humo, kesi ya namna hiyo ina uzito wake. Dhahabu ya Lupa ilipoanza kuvuma miaka ya 1920, watu walimiminika kutoka kila upande; mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu hiyo. Ilipopungua waliondoka, ilipopanda bei walirudi. Leo ukishuka kutoka milima ya Mbeya hadi Chunya mjini, ukaendelea Matundasi na Makongolosi, unapita kwenye wilaya ambayo mtu anaulizwa "kwenu wapi?" kabla hajaulizwa jina. Kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe, Wakinga wenye maduka, Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, na mchimbaji aliyetoka Geita juzi na ambaye mwezi ujao atakuwa kwenye mgodi wa mkoa mwingine. Duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, anapewa jina la utani na hilo ndilo linalodumu. Akiacha mtoto, mtoto anabaki na mama, na mara nyingi na jina la babu mzaa mama.

Kesi ya Naruto niliisikia ikiendeshwa upya huko Makongolosi, kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea video, kilichoezekwa kwa mabati. Benchi lilikuwa la mbao za mwembe, runinga imefungwa kwenye sanduku la nondo ili isiibwe. Kule Japani jibu lilikuwa limeshatoka zamani. Vijana hawa walikuwa wanaziona sehemu za mwanzo, zile Hokage wa nne anapopita haraka mgongo ukiwa umegeuzwa, na kwao siri ilikuwa mbichi. Kijana mmoja wa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi zake, aliruka kutoka benchi.

"Simamisha hapo! Rudisha nyuma kidogo. Haya, ona nywele. Nani bado anabisha?"

"Nywele tu?" alidakia mwenzake. "Kwa hiyo sisi wenye kipara wote ni ndugu?"

"Mwanangu, angalia mpaka macho."

"Macho waachie mademu. Mimi nataka jina. Dogo anaitwa Uzumaki. Huyo mzee hajaitwa Uzumaki popote. Jina halipo, ubaba haupo."

Aliyekuwa anauza karanga mlangoni, mwanamke wa makamo ambaye sikudhani alikuwa anafuatilia, alisema bila kugeuka: "Kapewa jina la kwa mama yake. Nyie hamjaona watu humu?"

Kulikuwa na kicheko, na yule mwenye hoja ya jina akajitetea kwamba Japani si Makongolosi. Alikosea, maana ndivyo ilivyokuwa hasa: Uzumaki ni jina la ukoo wa mama, Kushina, na baba alikuwa Minato Namikaze. Kijana mwingine, ambaye bila shaka alishaimaliza hadithi yote kwenye simu, alifungua mdomo. Wenzake wakamzomea kwa pamoja: "Usitumalizie!" Akaufunga.

Sikuona pale watu wakipoteza muda. Nilichokiona ni mbinu ambayo mtu wa mji wa mgodini anaitumia kila wiki, sasa ikitumika mahali ambapo hakuna anayeumia. Unaweza kumkosea baba Naruto na asubuhi usichukiwe na mtu. Ukimkosea jirani baba yake, hapo ni kesi nyingine.

Katuni zetu wenyewe hazikuwahi kutupa mchezo huu, na sababu iko wazi. Jarida la Sani, ambalo jina lake limetokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilikuza wahusika waliojulikana nchi nzima: Lodi Lofa, Kipepe, Dokta Lavu Pimbi, Ndumilakuwili, Madenge. Hao ni watu wa tabia. Jina la Ndumilakuwili limeshakwambia yote unayotakiwa kujua. Hakuna aliyewahi kulala akiwaza baba yake Ndumilakuwili ni nani, maana baba yake ni methali. Mhusika wa kichekesho hana jana. Kila toleo anaamka upya, anadanganya, anaumbuka. Hata Philip Ndunguru, mchoraji aliyewapa wengi wa wahusika hao sura, alipofariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, wachoraji wengine waliwaendeleza na hadithi haikutikisika. Kilichokuwa na siri ya damu kwetu ni hadithi za kusoma, zile za magazetini zilizomalizikia kwa neno "Itaendelea". Hadithi za Eric Shigongo katika magazeti ya Global Publishers zilijaa watoto waliopotea na baba waliojitokeza, na kuna watu walioanzia kusoma gazeti ukurasa wa hadithi, habari baadaye. Hiyo "Itaendelea" ndiyo inayomlazimisha msomaji awe mpelelezi. Kitabu kizima unaweza kukiruka mpaka mwisho. Toleo la wiki ijayo halijachapwa. Hata ukiwa na pesa huwezi kulinunua.

Muda huo wa kusubiri ni wa mwandishi pia, na hapa ndipo wabashiri wengi hujidanganya. Wanadhani jibu limo kichwani mwa mchoraji tangu mwanzo na wao wanalichimba. Mara nyingi halimo. Mfano wa zamani zaidi ninaoujua unaonyesha hivyo. Mwaka 1918 gazeti la Chicago Tribune lilianza kuchapa katuni ya Frank King iitwayo Gasoline Alley, ya wanaume wanaopiga soga kuhusu magari yao. Joseph Patterson, mmoja wa wakubwa wa gazeti, akaona wanawake hawaisomi, akataka awekwe mtoto mchanga. Tatizo likawa kwamba mhusika mkuu, Walt Wallet, alikuwa kapera, na gazeti la familia lisingeweza kumpa kapera mtoto hivi hivi. Basi tarehe 14 Februari 1921 Walt akafungua mlango asubuhi na kukuta mtoto ameachwa kibarazani. Akaitwa Skeezix.

Siri ya wazazi wake haikupangwa kama siri. Ilikuwa njia ya kukwepa aibu, na mlango wa kuuzia magazeti. Lakini mtoto akishaletwa bila wazazi, swali limeshaletwa naye, na King akalazimika kulijibu kwa miaka: mama akatokea, Madame Octave, mwimbaji wa opera mwenye mali, anayemtaka mwanawe. Kilichofanya swali liwe na makali ni jambo ambalo King alilifanya kabla ya wengine: wahusika wake walizeeka kwa kalenda. Skeezix alitambaa, akaenda shule, akapigana Vita vya Pili vya Dunia, akaoa. Msomaji wa Chicago alimwona akikua kila siku pamoja na watoto wake mwenyewe, na akawa na wasiwasi wa kweli kwamba mwanamke mgeni angekuja kumchukua kwa Walt aliyemlea. Ubashiri wa nani kamzaa ulikuwa na hofu ndani yake.

Ukitaka kuona mwandishi anayejua jibu na anazuiwa kulitoa, njoo kwa Nightcrawler. Huyu ni Kurt Wagner wa kundi la X-Men, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975: ngozi ya buluu, macho ya njano, mkia. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Marvel ikamleta Mystique, mwanamke mwenye uwezo wa kujigeuza umbo, ambaye umbo lake halisi ni ngozi ya buluu na macho ya njano. Unahitaji ushahidi gani zaidi? Mwaka 1981 mwandishi Chris Claremont akawakutanisha wawili hao uso kwa uso. Nightcrawler anashangaa jinsi wanavyofanana na anamuuliza yeye ni nani. Mwanamke anamjibu kwa fumbo, amuulize mama aliyemlea. Ukurasa ukafungwa, na kwa miaka mingi mashabiki wakabaki nao.

Walichobashiri mashabiki ni kwamba Mystique ndiye mama. Claremont mwenyewe alikuwa na wazo lingine, aliloeleza baadaye kwenye mahojiano. Mystique alikuwa na mwenzi wake wa maisha, mwanamke kipofu anayeitwa Destiny. Kwa kuwa Mystique aliweza kujigeuza mtu yeyote, Claremont alitaka yeye awe baba na Destiny awe mama. Kanuni za maadili ya katuni, ambazo kampuni za Marekani zilijiwekea tangu 1954, zisingeruhusu kitu kama hicho kuchapwa, na wakubwa wa Marvel hawakuwa tayari. Wazo likawekwa kabatini. Mwaka 1994 Marvel ikathibitisha kwamba Mystique ni mama, kama mtaa ulivyosema. Mwaka 2003 mwandishi mwingine, Chuck Austen, akampa Nightcrawler baba, kiumbe wa kishetani aitwaye Azazel, katika hadithi ambayo mashabiki wengi waliichukia na wanaichukia hadi leo. Halafu mwaka 2023, miaka 42 tangu ukurasa ule wa fumbo, kampuni ileile ikatoa toleo lililoandikwa na Si Spurrier likisema kwamba Claremont alikuwa sahihi: Destiny alimzaa, Mystique ndiye baba, na habari za Azazel zilikuwa kumbukumbu zilizochezewa.

Wazee wa pwani wana msemo kwamba kitanda hakizai haramu: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, watu waseme watakavyo. Marvel ndiyo mwenye kitanda. Kinachochapwa kwa jina lake ni halali siku ile kinapochapwa, Azazel akiwemo, na kampuni ikibadili mawazo mwenye ubaba anabadilika naye, hata kama damu ya mhusika haikubadilika. Hakuna mshabiki anayeweza kwenda mahakamani kupinga. Anachoweza kufanya ni kukumbuka. Waliokuwa na ukurasa wa 1981 waliushika, wakawarithisha wadogo zao, wakaurudia kila mwandishi mpya alipoingia. Kwa maoni yangu jibu la 2023 lisingetoka kama wasomaji wangemkubali Azazel na kunyamaza. Mmiliki ana haki ya kuandika. Msomaji ana daftari la pili, na hilo mmiliki hawezi kulifuta.

Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema mashabiki wanapenda tu kushinda ubishi. Wangependa kushinda wangeridhika na jibu lolote rasmi linalowapa ushindi. Mwaka 1994 waliambiwa wazi kwamba walikuwa sahihi kuhusu mama. Bado waliendelea kuuliza kuhusu baba, na walipopewa baba walimkataa, kwa sababu hakutokana na dalili yoyote iliyokuwa imepandwa. Baba lazima awe ameshaonekana. Mwandishi anayeleta mtu mpya mlangoni na kusema "huyu ndiye" anavunja mapatano, hata kama anayo ruhusa ya mwenye mali.

Eiichiro Oda, mchoraji wa One Piece, anayaheshimu mapatano hayo na wakati huohuo anayachezea. Alianza hadithi yake mwaka 1997 na bado anaendelea. Baba wa Luffy, mhusika mkuu, alitajwa na babu wa Luffy kama mtu anayetaja bei ya sukari. Luffy mwenyewe akashangaa wenzake wanashangaa nini. Lakini pigo lake kubwa lilikuwa kwa Ace, ambaye wasomaji walimjua kama kaka wa Luffy. Basi baba yao ni mmoja, kesi imekwisha. Mwaka 2009 Ace akiwa amefungwa juu ya jukwaa la kuulia, mkuu wa jeshi la majini anatangaza mbele ya dunia nzima kwamba baba yake ni Gol D. Roger, mfalme wa maharamia aliyeuawa hadharani miaka mingi nyuma. Kumbe si ndugu wa damu wa Luffy hata kidogo.

Wenye hesabu wakapinga papo hapo. Ace ana miaka ishirini. Roger alikufa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Ace kuzaliwa. Haiwezekani. Ndipo Oda akaleta jibu alilokuwa amelitayarisha: serikali nayo ilifanya hesabu hizohizo, ikawa inawatafuta kina mama wote waliojifungua kwa wakati uliolingana na kifo cha Roger, na mama yake Ace, Rouge, akaibeba mimba miezi ishirini ili mtoto atoke nje ya hesabu yao. Alijifungua, akampa mtoto jina, akafa. Mtoto akatumia ubini wa mama, Portgas, si wa baba. Kibaiolojia ni upuuzi. Kimpango ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kusoma katika aina hii ya hadithi, kwa sababu kipingamizi cha wasomaji kilikuwa kimefanywa kuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Aliyesema "tarehe hazilingani" alikuwa anasema maneno ya mpelelezi wa serikali.

Yule mama wa karanga wa Makongolosi sijui kama aliwahi kuiona sehemu ya Ace. Ningependa kusikia angesema nini kuhusu miezi ishirini.

Oda bado ana deni moja, na hadi ninapoandika haya hajalilipa: mama yake Luffy ni nani? Baba tunamjua, babu tunamjua, mama hajaonyeshwa hata kisogo. Mashabiki wamejaza pengo kwa majina mengi, na lililo maarufu kuliko yote ni lile linalochekesha kwa mara ya kwanza na kusumbua kwa mara ya pili. Wanasema mama ni Crocodile, haramia mwenye sigara na kulabu badala ya mkono, mwanamume wa miraba minne ambaye Luffy alimtwanga jangwani zamani. Mantiki yake? Gerezani anatokea Ivankov, rafiki na mshirika wa baba yake Luffy, mwenye uwezo wa kumgeuza mwanamume kuwa mwanamke na mwanamke kuwa mwanamume. Ivankov anamtishia Crocodile kwamba anaijua siri yake ya zamani na ataitoa asipotulia. Crocodile, ambaye haogopi mtu, anatulia. Siri ni nini? Oda hakusema, na imepita miaka zaidi ya kumi na tano.

Nilipowaeleza vijana wa kibandani dhana hiyo, yule mwenye hoja ya jina alisimama kabisa. Alisema haiwezekani, kwamba mtu mwenye ndevu hawi mama, kwamba wazungu na Wajapani wameanza kuchanganyikiwa. Yule wa karasha hakubisha wala hakukubali. Alitaka kujua sura ambayo Ivankov anatoa kile kitisho ni ya ngapi, na kama kwenye ukurasa huo Crocodile amechorwa akiangalia wapi.